Kompyuta iko nyumbani, wewe uko chuoni: namna ya kuifikia na kuchukua faili zako

Kila muhula ukifunguliwa napigiwa simu ileile. "Kaka, ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo nimeiacha kwenye kompyuta ya nyumbani, naipataje?" Anayeuliza yuko Dodoma au Morogoro, kompyuta iko Tabata, na ripoti inatakiwa Ijumaa. Kwa siku hiyo jibu ni fupi: mpigie mdogo wako akutumie kwa barua pepe. Muhula ujao usikukute hivyo, kwa hiyo fanya kazi hii likizo hii, ukiwa bado unakula ugali wa nyumbani. Ukishafika chuoni umechelewa, maana hatua karibu zote zinafanyika mbele ya kompyuta yenyewe.

Mwongozo huu ni wa kompyuta yako mwenyewe yenye Windows 10 au 11. Windows 10 iliishia kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kama mashine yako inaikubali 11, hamia kwanza ndipo uanze. Wa sekondari za bweni mnisamehe: huko hata simu yenyewe hairuhusiwi, sembuse haya.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Kompyuta ya nyumbani, na ruhusa ya wenye nyumba kuiacha ikiwaka. Ruhusa hii usiichukulie poa, nitaeleza kwa nini.
- Intaneti ya nyumbani isiyoondoka na wewe. Wengi wanajaribu kwa hotspot ya simu yao, inafanya kazi vizuri, kisha wanapanda basi na simu mfukoni. Unahitaji ruta ya laini, faiba, au chochote kinachobaki nyumbani.
- Akaunti ya Google yenye uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuingia, inatakiwa na hatua ya pili, mfano kukubali kwenye simu yako.
- Simu yenye bando, kwa ajili ya majaribio.
- Saa mbili za utulivu, umeme ukiwepo.

Sasa hesabu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, maana mzee ataiuliza. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 ikiwa imetulia tu itamaliza uniti 1.44 kwa siku, yaani takriban uniti 43 kwa mwezi. Laptop inayokula wati 15 itamaliza kama uniti 11. Ndiyo maana, ukiwa na laptop ya zamani yenye skrini iliyopasuka lakini inayowaka, iache hiyo nyumbani. Haili sana umeme, na betri yake, hata ikiwa imechoka, inaweza kuivusha kwenye yale makatizo ya dakika tano. Ruta ndiyo itakayozima, lakini ruta ikirudi inajiunga yenyewe.

Jambo jingine la kujua mapema: bando linaliwa pande zote mbili. Ukivuta faili ya GB 1, ruta ya nyumbani imeipakia GB 1 na simu yako imeipakua GB 1. Tena kasi unayopata wewe haizidi kasi ya *kupakia* ya nyumbani, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Kwa Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) za kupakia, GB 1 itachukua zaidi ya saa moja. Sinema zako ziache zilale hukohuko.

Sehemu ya kwanza: kuiona skrini ya nyumbani

Hapa natumia Chrome Remote Desktop, programu ya Google ya kuiona na kuiendesha kompyuta ukiwa mbali. Zipo nyingine, ila hii ni bure, inafanya kazi hata kwenye Windows Home, na upande wa chuoni inafunguka ndani ya brauza bila kusakinisha kitu. Remote Desktop ya Windows yenyewe haipokei wageni kwenye toleo la Home, inataka Pro, na kompyuta nyingi za nyumbani ni Home.

1. Izuie isilale. Fungua "Settings", nenda "System", kisha "Power", na sehemu ya "Sleep" kompyuta ikiwa kwenye umeme weka "Never". Skrini acha izime, haina neno. Kwa laptop ingia pia "Control Panel", "Power Options", halafu "Choose what closing the lid does", uweke "Do nothing" kwenye safu ya umeme. Ukiiruka hii, mtu akifunika laptop ili kuikinga na vumbi, safari yako imeishia hapo.

2. Ifundishe kuamka umeme ukirudi. Hii ni kwa ya mezani. Iwashe huku ukibonyeza Delete au F2 ili uingie BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, kisha tafuta kipengele cha umeme kilichoandikwa "Restore on AC Power Loss", "AC Back" au maneno yanayokaribiana. Weka "Power On". Hifadhi, toka, kisha jaribu kwa vitendo: zima kompyuta kwa utaratibu, zima swichi ya ukutani, hesabu hadi thelathini, washa swichi. Iwake yenyewe bila kuguswa. Isipowaka, hujamaliza.

Tahadhari: kompyuta mpya nyingi zina BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, na ukigusa BIOS inaweza kukudai ufunguo mrefu wa tarakimu 48. Hakikisha unao kwanza. Kwa kawaida unakaa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

3. Weka nywila ya kweli kwenye Windows. Akaunti isiyo na nywila ni mlango wa pazia. Na usichanganye nywila na PIN: PIN ya Windows ni ya mtu aliyekaa mbele ya mashine hiyo, haitakusaidia kufungua folda ukiwa mbali.

4. Sakinisha. Kwenye kompyuta ya nyumbani fungua Chrome, nenda remotedesktop.google.com/access, ingia kwa akaunti yako, bonyeza kuandaa ufikiaji wa mbali na ufuate maelekezo. Utaipa kompyuta jina. Ipe jina la maana kama NYUMBANI, siyo DESKTOP-7K2 kisha ukasahau. Utatakiwa kuweka PIN ya tarakimu sita au zaidi. Hii ni PIN nyingine kabisa, siyo ile ya Windows. Tafadhali isiwe 123456, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa ukifuatiwa na sifuri mbili.

5. Jaribu kwa bando la simu, siyo waifai ya nyumbani. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanajaribu wakiwa ndani ya waifai ileile, kila kitu kinaitika, wanaondoka wakishangilia. Zima waifai kwenye simu, washa data, fungua anwani ileile kwenye brauza, chagua NYUMBANI, andika PIN. Ukiiona skrini, anzisha upya kompyuta ya nyumbani kutoka kwenye simu hiyohiyo, usiiguse, subiri dakika tano, kisha jaribu tena. Ikikuonyesha ukurasa wa kuingia Windows, hapo umefaulu.

6. Chuoni, kwenye maabara ya kompyuta. Fungua brauza kwa dirisha la faragha, ingia, fanya kazi yako. Upande wa kulia kuna kijishale kinachofungua paneli, na ndani yake utakuta "Download file" na "Upload file". Chagua faili kutoka nyumbani, itashuka kwenye kompyuta uliyokalia. Inakili kwenye flashi, ifute pale ilipoangukia, funga skrini ya nyumbani kwa "Lock", toka kwenye akaunti, funga dirisha. Fuata mpangilio huohuo kila mara. Kompyuta ya maabara imekaliwa na watu mia kabla yako na hujui walichoacha humo, ndiyo sababu nimesisitiza uthibitisho wa hatua mbili.

Kumbuka pia kwamba unachokifanya kinaonekana kwenye skrini ya nyumbani kama inawaka. Kijana mmoja alikuwa anamwandikia mchumba barua ndefu kwa njia hii, kumbe sebuleni shangazi kakaa na kikombe cha chai anaona kishale kinatembea chenyewe na maneno matamu yanajipanga mstari kwa mstari. Ukiwa na ya siri, yaandikie kwenye simu.

Sehemu ya pili: faili bila skrini

Kama una laptop yako chuoni, kuvuta skrini nzima kwa ajili ya faili moja ya Word ni kukodi lori kubeba fungu la mchicha. Tutaunganisha kompyuta mbili kwa Tailscale, programu inayozijengea mtandao wao wa faragha kupitia intaneti, zionane kana kwamba ziko chumba kimoja, kisha tufungue folda moja tu.

Mtu atakuambia: kwa nini usifungue poti, yaani mlango wa kupitishia data, kwenye ruta moja kwa moja? Sababu mbili. Ya kwanza, kwa ruta nyingi za laini haiwezekani: kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, ile namba ya kutambulika kwenye intaneti. Angalia anwani ya nje kwenye ukurasa wa ruta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, umo kwenye kundi hilo, na hakuna poti utakayofungua ikakufaa. Ya pili, hata pale inapowezekana, usifanye. Poti 3389 ya Remote Desktop na 445 ya kushiriki faili zinapekuliwa na mashine za wezi usiku na mchana, duniani kote. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017 iliyofunga faili za watu na kudai fidia, ilisambaa kupitia udhaifu wa huduma hiyohiyo ya kushiriki faili. Video za kukuelekeza kufungua 3389 zimejaa. Zipite.

7. Sakinisha Tailscale kwenye kompyuta zote mbili, uingie kwa akaunti ileile. Kila moja itapewa anwani inayoanza na 100. Iandike ya nyumbani mahali. Kwa matumizi binafsi ni bure.

8. Rekebisha mambo mawili ambayo kila mtu anayasahau. Kwenye kompyuta ya nyumbani bonyeza alama ya Tailscale pembeni ya saa, ingia "Preferences", washa "Run unattended". Bila hiyo, umeme ukikatika na kurudi, Tailscale itasubiri mtu aingie kwenye Windows kwanza, na mtu huyo ni wewe, uliye kilomita mia nne mbali. La pili, fungua ukurasa wa usimamizi wa Tailscale, tafuta kompyuta ya nyumbani, chagua "Disable key expiry". Usipofanya hivyo, kwa kawaida baada ya siku 180 itadai uingie upya, na siku 180 kwa kalenda ya chuo maana yake ni katikati ya mitihani.

9. Tengeneza mtumiaji wa kazi hii peke yake. "Settings", "Accounts", "Other users", ongeza akaunti isiyo ya Microsoft, iite *chuo*, ipe nywila ndefu. Isiwe msimamizi. Faida yake: nywila ikivuja, aliyeipata ataona folda moja, siyo maisha yako yote. Tena unakwepa ule usumbufu wa akaunti ya Microsoft inayofunguliwa kwa PIN tu, ambayo ukiwa mbali inakukatalia bila kukwambia sababu.

10. Fungua folda moja. Tengeneza folda C:\Masomo. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, "Properties", "Sharing", kisha kitufe cha "Share". Andika *chuo*, ongeza, mpe "Read/Write". Usishiriki C: nzima. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa uvivu wa kupanga faili.

11. Ifungue kutoka kwenye laptop. Kwenye File Explorer, sehemu ya anwani, andika \\ ikifuatiwa na ile anwani ya 100, kisha \Masomo. Utaulizwa jina na nywila: weka za *chuo*. Jaribu na hili kwanza laptop ikiwa kwenye hotspot ya simu.

12. Nakili kwanza, hariri baadaye. Usifungue ripoti ya kurasa 80 ikiwa bado nyumbani ukaanza kuiandika kutokea huku. Mtandao ukikatika wakati wa kuhifadhi, unaweza kubaki na faili iliyoharibika. Ilete kwenye laptop, ifanyie kazi, irudishe kwa jina lenye tarehe.

Watu wa nyumbani

Siku moja kompyuta yangu ilipotea mtandaoni, nikahangaika jioni nzima na mipangilio. Mwishowe nikapiga simu.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, hujambo?"
"Sijambo. Mama, ile kompyuta chumbani kwangu inawaka?"
"Ile iliyokuwa inaunguruma? Niliizima tangu Jumapili. Nikasema itaungua bure, na mwenyewe hayupo."

Mwenye makosa hapo ni mimi. Sikumwambia. Kwa hiyo kabla hujaondoka kaa naye, mweleze kompyuta ni ya nini, inakula uniti ngapi, na umsaidie kununua. Bandika karatasi kwenye swichi: USIZIME. Mwonyeshe taa za ruta, ipi ikiwaka ni salama. Na mchague mtu mmoja, mdogo wako au binamu, awe ndiye wa kumpigia ukihitaji kitu kizimwe na kuwashwa.

Umwambie na hili: mtu yeyote akimpigia simu akijiita fundi, akamtaka afungue programu ya mbali au amsomee tarakimu za kwenye skrini, asikubali. Matapeli wanatumia programu hizihizi. Wewe ukihitaji tarakimu, utapiga kwa namba yako.

Na upande wa chuo, soma masharti ya mtandao wao au uliza ofisi ya TEHAMA. Wakisema hairuhusiwi kwenye waifai yao, tumia bando lako. Usitafute njia za kuwazunguka. Akaunti ya chuo ikifungwa wiki ya kusajili masomo, utajuta.

Ikikataa

*Kompyuta inaonekana haipo mtandaoni.* Usiguse mipangilio. Piga nyumbani uulize kwa mpangilio huu: umeme upo? Ruta inawaka? Bando limeisha? Kompyuta yenyewe inawaka? Mara nyingi simu inaishia swali la tatu.

*Ilirudi baada ya umeme lakini Tailscale haimo, na Chrome Remote Desktop imo.* Hukuwasha "Run unattended". Ingia kwa Chrome Remote Desktop, ingia Windows, rekebisha. Ndiyo maana nakushauri uweke zote mbili: moja ikianguka, nyingine inaiinua.

*Skrini nyeusi.* Bonyeza kitufe chochote, subiri kidogo. Ikibaki nyeusi, kata muunganiko uunge upya. Kwa kompyuta ya mezani, uliza kama kuna aliyechomoa waya wa skrini kupeleka kwenye TV. Bila skrini, baadhi ya mashine hazina cha kukuonyesha.

*Inakataa nywila ya folda.* Hakikisha umeandika jina *chuo* na siyo la akaunti yako. Likikataa, weka jina la kompyuta mbele, mfano NYUMBANI\chuo. Hakikisha pia hukuandika PIN.

*Inakwenda polepole kuliko kawaida.* Kwenye laptop fungua Command Prompt, andika: tailscale ping, kisha jina la kompyuta ya nyumbani. Majibu yakitaja DERP hadi mwisho, mtandao wa chuo umezuia njia ya moja kwa moja na data inazungukia kwenye seva za kati. Inafanya kazi, ila taratibu. Jaribu kwa bando la simu uone tofauti. Kwa upande wa skrini, punguza ukubwa wa picha, na uondoe ile picha ya ukutani yenye mawimbi ya bahari.

*Usiku ilikuwepo, asubuhi haipo, kisha ikarudi.* Masasisho ya Windows yaliianzisha upya. Weka saa za kazi kwenye "Windows Update" zilingane na saa zako za kusoma. Kama ruta ni ya bando dogo, iwekee mtandao huo alama ya "Metered connection", masasisho makubwa yatapungua.

*Kompyuta imewaka, intaneti ipo, lakini hakuna programu inayounganika, na brauza inalalamika kuhusu usalama wa kila tovuti.* Hii inawakuta wenye kompyuta za mezani za mtumba. Mwambie aliye nyumbani asome tarehe kwenye pembe ya skrini. Ikiwa inasema 2009, betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa: kila umeme ukikatika, saa inarudi nyuma na yale ya hatua ya 2 yanaweza kufutika. Kwa leo, arekebishe tarehe kwa mkono. Kisha inunuliwe betri mpya, CR2032, ile bapa kama sarafu. Inauzwa hata kwa mafundi saa. Kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe, betri ibadilishwe upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, halafu aingie BIOS aweke tena "Power On". Akimaliza azime swichi ya ukutani na kuiwasha, nawe usikate simu mpaka uione inarudi mtandaoni.